Kurudi nyumbani baada ya mshituko wa moyo: niliyojifunza kwenye ngazi za Manfuha

Wengi mmenipigia simu kutoka Maskati na Unguja kuniuliza hali, na kila mmoja nilimjibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Jibu lile lilikuwa nusu ya khabari. Nusu ya pili naiandika hapa, kwa sababu wazee wa umri wangu ni wengi katika familia zetu za Ghuba, na mtu akishatoka hospitali sote hudhani mambo yamekwisha.

Nakaa Manfuha, kusini ya Riyadh. Zamani ulikuwa mji wa peke yake wenye mashamba yake, alikozaliwa al-A'sha, mshairi wa Kiarabu, kabla ya Riyadh kukua na kuumeza. Leo ni vichochoro vilivyojaa wageni wa kila taifa, na majumba ya ghorofa yasiyo na lifti. Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Ngazi 54.

Siku niliyoumwa, mshipa mmoja unaolisha moyo ulikuwa umeziba. Mafuta yaliyojenga ukutani mwa mshipa yalipasuka, damu ikaganda juu yake, na msuli wa moyo uliokuwa mbele ukakosa damu. Madaktari walipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono, wakazibua, wakaacha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa madini kinachouweka mshipa wazi. Siku ya nne nikarudi nyumbani. Maumivu hayapo, rangi imerudi. Nikajiona mzima.

Siku ya sita gesi ikaisha jikoni. Mke wangu akasema, "Baba, ngoja mwanao arudi kazini." Mimi nikaona haya kukaa kitako kama maiti wakati chakula kinalala. Nikashuka, nikauchukua mtungi, nikapanda nao. Ghorofa ya pili kifua kikabana vile vile kama siku ya kwanza.

Nilikaa pale pale kwenye ngazi, na hilo ndilo jambo pekee nililofanya sawa. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi nilipewa, lakini kilikuwa juu, kwenye droo, na mke wangu ilibidi akikimbilie. Nikakiweka. Zikapita dakika tano, kifua bado. Akapiga 997, Hilali Nyekundu ya huku. (Walio Oman ni 9999, Imarati gari la wagonjwa ni 998.) Kilichotusaidia ni kwamba binti yangu alikuwa ameandika ile anwani fupi ya taifa, herufi nne na tarakimu nne, akaibandika nyuma ya mlango. Katika vichochoro vyetu, kumwelekeza mtu kwa "karibu na bakala" ni kupoteza dakika zenye thamani.

Stenti haikuwa imeziba, namshukuru Mungu. Lakini hapo ndipo nilipoelewa. Kinachozibuliwa hospitali ni mshipa. Msuli uliokosa damu umejeruhiwa, na jeraha lake huchukua kiasi cha wiki sita mpaka nane kufunga kovu. Wakati huo wote humo ndani moyo unafanya kazi usiku na mchana. Mkono uliovunjika hufungwa ukapumzishwa. Moyo haufungwi.

Na stenti yenyewe, mpaka ukuta wa mshipa uote juu yake, damu inaweza kuganda ndani yake. Ndiyo maana nimepewa aspirini pamoja na klopidogreli, na kwa kawaida hizo mbili huendelea pamoja kiasi cha mwaka mmoja. Kuziacha ghafla bila ya daktari, hata kwa ajili ya kung'oa jino, ni hatari. Sheshe yangu ilikuwa wageni. Khalati mmoja, kwa mapenzi yake, aliniambia niache "kemikali" nitumie habasoda na asali. Mwengine akaniletea vidonge vyake vya magoti, diklofenaki, dawa inayozidisha hatari kwa mtu wa moyo. Mwengine akaja na chupa ya arki sus, ile sharubati nyeusi ya Ramadhani, ambayo ikizidi hupandisha presha. Na kutoka Oman likaja furushi la papa mkavu. Papa! Shirika la Afya Duniani linataka mtu asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na papa yule hata ukimroweka usiku kucha chumvi yake haitoki yote. Tulimgawia jirani. Halwa nilionja kwa ncha ya kidole, nisiseme uongo.

Mazoezi yalianzia ukumbini: dakika tano asubuhi, tano jioni, kila baada ya siku chache naongeza kidogo. Kipimo ni mazungumzo. Ukishindwa kumaliza sentensi huku unatembea, punguza. Nje ni baada ya Alfajiri tu, maana kiangazi hapa joto hupita digrii 45. Msikitini sikwenda, ngazi 54 mara tano kwa siku hazikuwa zangu. Nilisali kwenye kiti, kwa sababu dawa za presha zilinitia kizunguzungu kila nikiinuka kutoka kusujudu.

Kuna jambo wanaume hatulisemi. Usiku niliogopa kulala. Nilisikiliza mapigo mpaka adhana, na mchana nilimkaripia mke wangu kwa mambo ya upuuzi. Nilipomwambia daktari hakushangaa. Huwapata wengi baada ya mshituko, na lina tiba. Mke wangu ndiye aliyelijua mwanzo, akaanza kukaa nami kibarazani tukihadithia Unguja.

Umra tuliyoipanga tumeiahirisha. Sai peke yake ni karibu kilomita 3, na kabla yake ipo tawafu. Daktari kasema tutazungumza baada ya kipimo cha moyo.

Sasa ni wiki ya tisa. Kidonge hakitoki mfukoni. Ngazi napanda kwa kusimama mara moja, ghorofa ya pili, pale pale. Mtungi anaubeba mwanangu.