Mama akija kwetu akilia, nani ataamua?

Juma hili tunasema na wamama wa ziara, mashemasi na viongozi wa seli za maombi, kwa kuwa watu wenye jeraha wanapiga hodi kwao kwanza.

Mara nyingi mama aliyebakwa akitoka shambani haendi polisi. Anakuja kwa mama wa kanisa. Na sisi, kwa kuwa tunampenda, tunaanza kumpangia. Huyu anasema twende parke leo hii, yule anasema jambo lifichwe ndoa isivunjike, wa tatu amekwisha kumpigia mchungaji simu. Mwenyewe anakaa kimya. Sisi pia tulifanya hivyo. Tulimwita bwana yake kabla ya kumuuliza yeye. Hakurudi tena kwetu, wala hatukujua kama alipata dawa.

Na dawa ndiyo jambo la haraka. Dawa za kuzuia virusi vya Sida zinaanzwa kabla masaa 72 hayajapita, kisha zinamezwa siku 28. Ukimweka mtu siku tatu katika chumba cha maombi bila kumpa habari hii, umekwisha kumwamulia. Kuomba tuombe, lakini mwambie yote kwa upole: dawa ipo, inapatikana fulani, na wewe uko tayari kumsindikiza. Akisema hataki, usimburute. Muulize anaogopa nini. Pengine ni nauli tu. Pengine muuguzi wa pale ni jirani yake, basi kuna kituo kingine.

Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona. Hata hivyo, katika Marko 10, Yesu alimuuliza kwanza anataka atendewe nini.

Pale Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 na kusimamiwa na Wapentekoste wa CEPAC, inasaidia kwa njia nne: kutibu mwili, kufariji moyo, msaada wa sheria, na kumwezesha mtu kujitegemea. Mama anaweza kuhitaji daktari leo, na avoka baadaye, au asimtake kabisa. Kazi yetu ni kumweleza. Sheria ya Julai 2006 inaadhibu ubakaji, na haikubali kesi hiyo imalizwe kwa kulipa faini. Kwa hiyo wazee wanaopokea mbuzi wawili kwa niaba ya mama ambaye hakuulizwa wanamdhulumu mara ya pili. Tunajua neno hili litachukiza wengine.

Na kusamehe? Hilo ni lake na Mungu wake. Aliyesamehe anaweza bado kusimama mbele ya hakimu, na asiyekwenda kwa hakimu hakutenda dhambi.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 mambo ni mengine: mtu mzima anayemlinda lazima amfikishe kwa daktari upesi. Hata hivyo mtoto aelezwe kila hatua, na asishikwe kwa nguvu.

Mama akichagua tofauti na tulivyotaka, tunaendelea kumtembelea, na siri yake inabaki kwetu. Kuna mmoja aliyekataa kabisa habari ya parke. Tulimpelekea unga na sabuni, tukaketi naye, hatukulitaja tena jambo lile. Miezi ilipita. Siku moja, akichambua maharagi, akauliza avoka anakaa upande gani.