Mbwa Mdogo na Paka Katika Nyumba Moja: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kununua

Kaya nyingi zinazofuga paka hufikia wakati zikataka kuongeza mbwa mdogo, ama kwa ajili ya kubweka mgeni anapobisha hodi, ama kwa kuwa watoto wamemwomba, ama kwa kuwa nafasi ya nyumba haitoshi mbwa mkubwa. Uamuzi huo si mbaya, kwani mbwa na paka huweza kuishi pamoja kwa utulivu miaka mingi. Hata hivyo, wengi huuchukua kwa haraka, na hasara yake huonekana baadaye: paka aliyehama nyumba, mbwa aliyejeruhiwa jicho, gharama za matibabu ambazo hazikutarajiwa, au mbwa mchanga kutupwa barabarani mwezi mmoja baada ya kununuliwa.

Katika mwongozo huu tunasisitiza jambo moja. Amani kati ya wanyama hawa haiji kwa kuwafungia chumba kimoja mpaka wazoeane. Huandaliwa na mnunuzi mwenyewe, kwanza kabla hajalipa, kisha katika wiki za mwanzo.

Kabla ya kulipa

Udogo wa mwili si upole wa tabia. Mbwa wa jamii ya terrier, kwa mfano, ni wadogo, lakini walizalishwa kwa vizazi vingi ili wawinde panya na wanyama wengine wadogo. Hamu yao ya kukimbiza kinachokimbia ni kubwa. Kwa upande mwingine, mbwa wenye nyuso fupi na macho yaliyotokeza, kama vile Pug na Pekingese, huumizwa macho kwa urahisi na kucha za paka.

Mtoto wa mbwa asichukuliwe kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Kipindi cha kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi ndicho anachojifunza zaidi kwamba viumbe wengine si wa kuogopwa wala kukimbizwa. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi amuulize muuzaji kama mbwa huyo amepata kuishi karibu na paka, na ikiwezekana aombe kuona mwenendo wake mbele ya paka. Ikiwa ni mbwa mzima anayemkodolea paka macho bila kubandua na kukaza mwili hata anapoitwa, ni vyema kumwacha.

Mnunuzi adai pia risiti na kadi ya chanjo yenye tarehe na saini ya daktari wa mifugo. Aulize kama mbwa anaweza kurudishwa iwapo atashindwa kuishi na paka, na sharti hilo liandikwe kwenye risiti. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha baadaye. Mpangaji naye apate kwanza ridhaa ya mwenye nyumba.

Kuandaa nyumba

Paka ndiye mwenyeji, na mbwa ndiye mgeni. Kabla mgeni hajafika, mwenyeji awe na mahali ambapo mbwa hawezi kufika. Chumba kimoja chenye maji, chakula na sanduku la mchanga kinatosha. Sehemu nyingine za nyumba ziwe na mahali pa juu pa kurukia: rafu imara, juu ya kabati, au dirisha pana. Paka anayejua kwamba ana njia ya kupanda hana sababu kubwa ya kupigana.

Siku za mwanzo wanyama wasionane kabisa. Kitambaa alicholalia mmoja kiwekwe karibu na chakula cha mwingine, ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake akiwa anakula. Baada ya hapo walishwe pande mbili za mlango uliofungwa. Wanapokula bila wasiwasi, waonane kupitia mlango wa wavu, ule ule wa kuzuia mbu, ikiwa wavu wake ni imara.

Kukutana ana kwa ana kuwe kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku, mbwa akiwa amefungwa kamba na awe amekwisha kutembezwa ili apunguze nguvu. Kila anapomtazama paka kisha akageuka kwa mwenye kumshika, apewe kipande kidogo cha chakula. Paka asibebwe wala kusogezwa kwa mbwa. Aachwe aamue mwenyewe. Kumchapa mbwa hakufai, kwani kutamfundisha kwamba paka anapotokea maumivu hufuata.

Ishara zao pia hutofautiana. Mbwa anayetikisa mkia mara nyingi ana furaha; paka anayeupiga mkia huku na huku amekereka na anataka kuachwa. Masikio yaliyolazwa nyuma na sauti ya kufoka ni amri ya kusitisha mkutano.

Kazi hii huweza kuchukua siku chache au miezi kadhaa. Mpaka wiki nyingi zipite bila kukimbizana, wasiachwe peke yao pamoja.

Bidhaa zinazohitaji tahadhari

Hatari kubwa katika nyumba ya namna hii haitokani na meno wala kucha, bali dukani. Baadhi ya dawa za viroboto na kupe zinazotengenezwa kwa mbwa zina permethrini, ambayo kwenye lebo za Kiingereza huandikwa bila irabu ya mwisho. Kemikali hiyo ni sumu kali kwa paka. Paka huweza kudhurika kwa kupakwa dawa hiyo, au kwa kumlamba na kumlalia mbwa aliyepakwa. Akianza kutetemeka, kutoa mate mengi au kupata degedege, apelekwe kwa daktari mara moja pamoja na kasha la dawa. Tunashauri mnunuzi amweleze muuza dawa za mifugo kwamba nyumbani kuna paka, na asinunue dawa iliyopimiwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Vilevile, parasetamoli ya binadamu asipewe paka kamwe. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

Chakula nacho kisichanganywe ili kupunguza gharama. Paka huhitaji taurini, ambayo si lazima iwemo katika chakula cha mbwa. Akikosa kwa muda mrefu huweza kupofuka au kuugua moyo. Mbwa naye akizoea chakula cha paka, chenye mafuta mengi zaidi, hunenepa kupita kiasi. Sahani ya paka iwekwe juu, na sanduku lake la mchanga liwe mahali ambapo mbwa hapafikii.

Chanjo na majeraha

Wanyama wote wawili wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na chanjo irudiwe kwa ratiba ya daktari. Paka nao huambukizwa ugonjwa huu, na dalili zake zikishamtokea mtu, karibu daima huishia kifo. Anayeng'atwa au kukwaruzwa alioshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Paka akiacha kula kwa siku nzima, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni dharura isiyosubiri kesho.

Ikishindikana

Wapo wanyama wachache wasiopatana hata baada ya juhudi zote. Hapo mwenye nyumba aweza kuwatenga kwa vyumba na kwa saa, kumrudisha mbwa kwa masharti yaliyoandikwa, au kumtafutia kaya isiyo na paka. Kumtupa si suluhisho: mbwa asiye na mwenyewe hukosa chanjo, na hatari yake huwarudia watoto wa mtaa ule ule alikotupwa.