Mkate wa Kikuyu na Ghadhabu ya Unguja

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, akiisha kuyapita makao ya Shirikisho la Makanisa ya Afrika Yote pale Westlands na kuendelea magharibi, hufika Thogoto, Kikuyu, ambako mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana katika misheni ya Waskoti, chini ya uenyekiti wa Askofu Willis wa Uganda, kutafuta namna ya kushirikiana. Haja yao ilikuwa bayana: misheni zilikuwa zimegawana nchi, hata Mkristo aliyebatizwa na Waanglikana, akihamia pande za Wapresbiteri kwa ajili ya kibarua, asijue kama ataruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana.

Walipokwisha kuafikiana, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, akifuata kitabu cha sala cha Kianglikana, na wajumbe wa madhehebu mbalimbali wakala mkate mmoja. Habari ilipofika Unguja, askofu wa huko, Frank Weston, alighadhibika, akawashtaki maaskofu wenzake hao wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, ati wamezua uzushi. Wengi humcheka, mimi simcheki, maana yeye ndiye aliyetambua ya kwamba ukishiriki sakramenti na mtu umekwisha kulikiri kanisa lake kuwa kanisa. Jibu la 1915 lilikuwa la tahadhari mno, hata wacheshi wa Uingereza wakasema muradi wake ni kwamba jambo lile lilimpendeza Mungu sana, na lisirudiwe kamwe.

Yaliyoshindikana altareni yaliwezekana darasani: misheni zile zilifanya muungano 1918, na Machi 1926 zikafungua papo hapo Kikuyu shule ya Alliance. Huko Limuru, 1955, Wapresbiteri na Wamethodisti waliingia chuo kimoja cha uchungaji na Waanglikana; bali mazungumzo ya kuwa kanisa moja, miaka ya 1960, hayakuzaa kitu. Siasa nayo iliwakusanya viongozi wa makanisa Ufungamano, jengo la pamoja la Wakatoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa, wakaketi na Waislamu na Wahindu kudai katiba mpya.

Swali la Weston limehamia harusini, bwana arusi Mpresbiteri na bibi arusi Mkatoliki, ambapo padre, kwa adabu zote, hutangaza mapema ni nani wapange foleni na ni nani wabaki vitini.