Kamera 1,800 barabarani: Nani anazitazama zote?

Mtu ananyang'anywa simu mbele ya kamera ya CCTV katikati ya Nairobi. Kamera imeona kila kitu. Je, askari ataambiwa sasa hivi, au video itatafutwa kesho wakati simu imeshauzwa?

Hapo kamera peke yake haitoshi. Kazi kubwa iko kwenye programu iliyo nyuma yake.

Mwaka 2014, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali ya Kenya iliipa Safaricom kazi ya kujenga mfumo wa usalama wa polisi wenye kamera 1,800 Nairobi na Mombasa.

Hesabu ya bando

Tuchukulie kila kamera inatuma megabiti 4 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa video ya HD. Kwa siku hiyo ni GB 43. Zidisha kwa 1,800: zaidi ya GB 77,000 kila siku!

Ukizielekeza zote kwenye seva moja, mtandao unajaa na picha zinachelewa. Seva ikizima, jiji zima linabaki gizani.

Kazi inagawanywa

Ndiyo maana wabunifu wa mifumo hii hugawa kazi kwa kompyuta nyingi. Ni kama Nyumba Kumi: balozi hampelekei chifu kila habari ya mtaani, anapeleka ile nzito tu.

Kompyuta ndogo iliyo karibu na kamera inachambua picha papo hapo. Barabara ikiwa tupu, video inahifadhiwa hapo hapo. Kukiwa na tukio, inatuma tahadhari fupi na kipande cha video. Huko makao makuu, seva kadhaa zinapokea tahadhari kwa foleni, na zile za dharura zinapita mbele. Seva moja ikizima, nyingine inashika zamu.

Kuchelewa ni kukosa

Ukitazama mpira kwenye simu, unaweza kusikia jirani akishangilia bao ambalo wewe bado hujaliona. Kwenye mpira, unavumilia. Kwenye ulinzi, sekunde 30 zinatosha mwizi kupotea.

Kwa hiyo mtandao ukilemewa, programu inaruka picha za zamani ili askari aone za sasa. Video kamili inabaki kwenye kamera na kutumwa baadaye.

Saa nazo lazima zilingane. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Saa ya kamera moja ikikosea kwa sekunde tano tu, mfumo unaweza kuonyesha pikipiki imefika kona ya pili kabla ya kupita ya kwanza. Ushahidi wa namna hiyo, wakili ataupangua mahakamani.

Na wewe je?

Programu inayomfuata mwizi kutoka kamera hadi kamera inaweza kukufuata hata wewe unayeenda zako kazini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje.

Basi wakitangaza kamera mpya mtaani kwenu, usiishie kuuliza ni ngapi. Uliza tahadhari inamfikia askari baada ya sekunde ngapi, na video yako inakaa huko kwa siku ngapi.