Kuelekeza Kiweko cha Darubini Mahali Ncha Ilipo Upeoni: Mfano wa Kisesa

Mwalimu mmoja wa Kisesa, kwenye barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, aliniletea kijitabu cha maelezo kilichokuja pamoja na darubini ya shule, akaniomba nikitie katika Kiswahili. Fungu la kwanza lilianza kwa amri hii: tazama kaskazini, uitafute nyota ya Polaris. Amri hiyo yaweza kufasiriwa kwa maneno machache yaliyo sahihi kabisa, na kila mtoto atakayeitii pale Kisesa atakesha bure, kwa maana nyota hiyo haionekani huko usiku wowote wa mwaka. Nimeona basi ni afadhali kulieleza jambo lenyewe tangu mwanzo, kwa ajili ya walimu na kwa ajili ya wafasiri pia.

Ama maana ya kazi yenyewe ni hii. Kwa kuwa dunia huzunguka, nyota zote huonekana zikihama kutoka mashariki kwenda magharibi, kadiri ya digrii 15 kwa kila saa. Katika darubini yenye nguvu, nyota iliyo katikati ya kioo hutoweka pembeni kwa muda mfupi sana. Ili kuifuata, mafundi walibuni kiweko cha ikweta, yaani kiweko chenye mhimili unaolazwa sambamba na mhimili wa dunia. Ukilazwa sawasawa, mota moja ndogo yatosha kuishika nyota usiku kucha. Ukienda kombo, nyota hupotea polepole, na aliyetaka kupiga picha hupata mistari badala ya nukta. Kazi yote ya kuelekeza kiweko ni kuupeleka mhimili huo kwenye ncha ya mbingu, mahali pasipozunguka.

Sasa, kimo cha ncha juu ya upeo wa macho ni sawa na umbali wa mahali kutoka Ikweta, ukihesabiwa kwa digrii. Kisesa iko kama digrii 2 na nusu kusini ya Ikweta. Kwa hiyo ncha ya kaskazini imezama chini ya upeo kwa digrii 2 na nusu, na Polaris, ambayo haifiki digrii 1 mbali na ncha hiyo, imezama pamoja nayo. Ncha ya kusini iko juu, lakini juu kiasi gani? Mtu akinyosha mkono wake na kuweka kidole gumba kwenye upeo, ncha yenyewe haipiti sana unene wa kidole hicho. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ina uangavu wa daraja la 5.4, yaani ni hafifu hata ingekuwa utosini. Ikiwa chini kiasi hicho, mwanga wake hupita katika hewa iliyo nene takriban mara 17 kuliko ya utosini, na hewa hiyo ina unyevu wa ziwa, vumbi la kiangazi, na moshi wa mashamba yanayochomwa. Tena mwembe mmoja wa jirani watosha kuificha.

Taabu hii si mpya katika pwani yetu. Mabaharia wa Kiarabu walioshuka na kaskazi waliipima nyota ya ncha, ambayo waliiita Jah, kwa vidole, nao walijua wamefika wapi kwa kimo chake. Kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ilivyoshuka, hata ikazama baharini. Ibn Majid, mwanamaji wa karne ya 15, aliyetunga shairi refu juu ya njia ya Sofala, alijua vema kwamba Jah ikipotea hutafutwa nyota nyingine za kupimia. Hawakuendelea kuitafuta iliyozama. Katika Kiswahili cha mabaharia jina la nyota hata likawa jina la upande: suheli ni nyota, na suheli ni kusini. Lakini Suheli, ambayo kwa wanajimu wa leo ni Canopus, iko mbali sana na ncha. Pale Kisesa hupanda hata kimo cha digrii 40. Yafaa kumwonyesha mtu upande wa kusini. Haifai kunyoshea mhimili.

Nao wenyeji wa Kisesa wana habari yao juu ya pande za dunia, ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuipita bila kusimama. Jina lenyewe la Sukuma maana yake ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, na ng'weli ni magharibi, na lahaja za Kisukuma zimeitwa kwa majina ya pande hizo. Lakini hizo ni pande za jirani kwa jirani: huyu ni mtu wa dakama kwa aliye kaskazini yake, na ni mtu wa sukuma kwa aliye kusini yake. Ncha ya mbingu haina ujirani wa namna hiyo. Ndiyo sababu napendelea kusema "ncha ya kusini" kila mara, wala si "kusini" tu, katika maelezo ya chombo hiki.

Turudi kwenye chombo. Ndani ya mhimili wa viweko vingi mna darubini ndogo, nami nitaiita darubini ya ncha. Katika kioo chake mmechorwa duara na alama. Kwa upande wa kusini mna umbo la pembe nne la nyota za Octans, ambazo ni Sigma, Tau, Chi na Upsilon. Usiku michoro hiyo haionekani, maana ni myeusi juu ya weusi. Kwa hiyo hutiwa taa ndogo nyekundu ubavuni. Wekundu una sababu yake: sehemu ya jicho ionayo gizani haisumbuliwi sana na mwanga mwekundu, na jicho hilo limehitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Taa ikiwa kali, michoro itang'aa vizuri na nyota hafifu zitamezwa. Izimishe kwanza, tazama mbingu peke yake, kisha uiwashe na kuiongeza kidogo kidogo mpaka michoro ianze tu kutambulika, na hapo uiache. Taa nyingine hazina kifundo cha kupunguzia, nazo ni kali mno. Kipande cha karatasi mbele yake, au tone la rangi nyekundu ya kucha, huituliza. Wakati wa magharibi, kabla giza halijaingia, taa haihitajiwi kabisa, kwani anga lenyewe huonyesha michoro. Na kama huoni kitu hata bila taa, tazama kama tundu la mhimili limefunguka. Katika viweko vingi hufunguka tu darubini kubwa ikigeuzwa upande.

Hayo yote nimeyaeleza kwa kuwa kijitabu kinayaeleza. Lakini nasema wazi kwamba kwa Kisesa taa iliyorekebishwa vizuri kuliko zote haiwezi kumulika nyota ambayo hewa imekwisha izima. Manufaa ya darubini ya ncha huko ni ya mchana. Mhimili wa Kisesa umelala karibu sawa na ardhi, na kwa sababu hiyo darubini yake yaweza kutazama mti au jiwe, jambo lisilowezekana huko Ulaya ambako hutazama juu angani. Basi fanya hivi. Simamisha kijiti wima mahali tambarare, uchore duara kukizunguka, uweke alama pale ncha ya kivuli inapoligusa duara asubuhi na tena alasiri. Mstari wa kuunga alama hizo mbili ni wa mashariki na magharibi. Ule unaoukata sawasawa ni wa kaskazini na kusini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua linapopita utosini mwa Kisesa, kivuli cha adhuhuri hutoweka, lakini vivuli vya asubuhi na alasiri hufaa vilevile. Urefushe mstari huo kwa kamba hata uone alama iliyo mbali kwa upande wa kusini. Kwa umbali wa mita 200, kosa la sentimita 35 ni sehemu moja tu ya kumi ya digrii. Kisha sawazisha kiweko kwa pima maji, ulaze mhimili, uuelekeze kwenye alama, halafu uuinue digrii 2 na nusu. Dira pia yasaidia, ila isishikwe karibu na miguu ya chuma.

Hapa hutokea shida ya chombo chenyewe. Viweko vingi vimetengenezwa kwa nchi za mbali na Ikweta, navyo havikubali kulazwa chini kiasi hicho, au ule uzani wa kusawazisha hugonga mguu. Dawa yake ni kufupisha mguu wa upande wa kusini, au kuinua ile ya kaskazini kwa vipande vya mbao, kwa uangalifu chombo kisipinduke.

Usiku huthibitishwa kwa nyota yenyewe kuhama. Tia lenzi ya jicho yenye nyuzi mbili zinazokatana, uchague nyota iliyo karibu na utosi na karibu na ikweta ya mbingu. Jioni za Januari na Februari hakuna ifaayo kuliko Mintaka, katika mkanda wa Orion, ambayo jina lake la Kiarabu lina maana hiyo hiyo ya mkanda. Acha mota ifanye kazi. Kuhama kwa mashariki na magharibi usikujali. Nyota ikihamia kaskazini, mhimili umeelekea mashariki ya ncha ya kusini. Ikihamia kusini, umeelekea magharibi. Kosa la digrii 1 huihamisha nyota kama sekunde 16 za duara kwa kila dakika moja ya saa, na sekunde hiyo ya duara ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Hivyo makosa makubwa hujifichua upesi, na madogo hudai subira. Baada ya hapo chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikihamia kusini, mhimili umeinuliwa mno, ikihamia kaskazini, umelazwa mno. Rudia nyota ya kwanza, kwa maana kurekebisha hili huligusa lile.

Siku hizi ziko kamera na programu zinazopiga picha ya anga, zikatambua nyota na kusema kosa ni kiasi gani, nazo hazihitaji kuiona ncha. Asiye nazo atatumia saa nzima kwa usiku wa kwanza. Mwalimu yule nimemshauri azike matofali matatu uwanjani, kila moja likiwa na tundu la kuingiza mguu wa kiweko, ili usiku wa pili kazi ianzie pale ilipoishia.