Fedha za Shirikisho na Kaunti ya Mpakani: Mambo ya Cochise, Arizona

Katika pembe ya kusini-mashariki ya jimbo la Arizona, mahali Marekani inapopakana na jimbo la Sonora la Mexico, iko kaunti iitwayo Cochise, iliyoundwa mwaka 1881 na kupewa jina la kiongozi mashuhuri wa Waapache, ambayo eneo lake, takriban kilomita za mraba 16,000, linauzidi ukubwa Mkoa wa Kilimanjaro, ilhali wakazi wake katika sensa ya mwaka 2020 walikuwa 125,447 tu. Miji yake ya Bisbee na Douglas ilisimama juu ya shaba. Lakini migodi ya Bisbee ilifungwa katikati ya miaka ya 1970, na tanuri kubwa la Douglas la kuyeyushia shaba likazimwa mwaka 1987, na tangu hapo wenyeji wamekuwa wakiitafuta riziki katika ufugaji na kilimo, katika utalii, katika kambi ya jeshi ya Fort Huachuca, na katika biashara ya kuvuka mpaka. Nchi pana, watu wachache, mpaka wa takriban maili 80, na uchumi uliokwisha kupoteza nguzo yake ya kwanza: hapo ndipo mtu awezapo kuona waziwazi fedha za serikali ya shirikisho zinafanya nini, na zinashindwa kufanya nini.

Msomaji wa Kenya, aliyezoea kuona kaunti zote zikitengewa kwa mujibu wa Katiba fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, asidhani kwamba kaunti ya Marekani ina haki kama hiyo. Kaunti ya huko ni chombo cha jimbo lake, na aghalabu huendesha mambo yake kwa kodi ya ardhi na majengo, pamoja na mafungu ya kodi ya mauzo na ya mafuta yanayogawiwa na jimbo. Sasa, ardhi ya serikali ya shirikisho haitozwi kodi hiyo, na katika Cochise ardhi ya namna hiyo ni nyingi mno: msitu wa taifa wa Coronado, malisho ya umma, hifadhi ya Chiricahua yenye minara yake ya mawe, na hiyo kambi ya jeshi. Bunge la Marekani liliutambua upungufu huu lilipopitisha, mwaka 1976, sheria ya kuzilipa kaunti kila mwaka kiasi fulani badala ya kodi ambazo haziwezi kuzitoza. Malipo yenye manufaa makubwa, ila si ya kutosha kujenga daraja wala kuweka lami barabara ndefu.

Kwa hiyo, mimi huona ni kosa kuziita fedha hizi sadaka ya taifa kwa watu wa shamba. Mpaka ni wa taifa zima. Lori linalopita Douglas limebeba bidhaa ziendazo kwenye maghala na viwanda vya majimbo ya mbali ambayo hayajui hata kama mji huo upo. Nalo linapopita huacha nyuma yake vumbi, moshi, na lami iliyopasuka, vitu ambavyo mlipakodi wa Cochise, ambaye hakununua wala kuuza chochote kilichomo, ndiye anayetakiwa kuvibeba. Taifa linapolipa gharama ya njia hiyo, linalipa deni lake.

Sheria kubwa ya karibuni mintarafu ya miundombinu ni ile iliyotiwa saini na Rais Joe Biden tarehe 15 Novemba 2021, yenye thamani ya takriban dola trilioni 1.2 kwa jumla, ambamo kiasi cha dola bilioni 550 kilikuwa fedha mpya zilizoongezwa juu ya matumizi ya kawaida. Fedha hizo hufika mashinani kwa njia mbalimbali. Zilizo nyingi hugawiwa majimbo kwa kanuni ya hesabu iliyoandikwa katika sheria, na jimbo likaamua barabara ipi itangulie. Nyingine hushindaniwa, kila mji na kila kaunti ikiandika ombi lake na kulitetea. Na nyingine haziingii kabisa katika hazina ya kaunti, kwa kuwa serikali ya shirikisho hujenga yenyewe mali iliyo yake. Njia hii ya mwisho ndiyo iliyo na uzito kwa mji wa mpakani, na Douglas ni mfano wake bora.

Kituo cha mpakani cha Douglas, kinachoitwa kwa jina la Raúl H. Castro, Mmarekani wa asili ya Mexico wa kwanza kuwa gavana wa Arizona, kilijengwa mwaka 1933, zama ambazo magari yalikuwa madogo na shehena chache. Hapo hapo, katikati ya makazi, hukutana mama aliyevuka kwa miguu kutoka Agua Prieta, mji wa upande wa Mexico, kuja dukani, mtoto wa shule, gari la familia, na lori zito lililobeba shehena ya migodi ya Sonora, pengine kemikali za hatari. Na wote hupenya katika uwanja mmoja uliobanwa na mji pande zote, usio na nafasi ya kutanuka. Lori likisimama juani likingoja zamu ya kukaguliwa, injini haizimwi, dereva hahesabiwi safari yake, na mwenye mali huanza kufikiri kama haingekuwa heri kupitia Nogales, mji mwingine wa mpakani. Katika sheria ya mwaka 2021 zilitengwa dola bilioni 3.4 kwa idara inayojenga na kumiliki majengo ya serikali ya shirikisho, kwa ajili ya vituo vya nchi kavu katika mipaka ya kusini na kaskazini, na Douglas ukapata nafasi katika orodha kwa mpango wa vituo viwili: kipya cha malori, maili chache magharibi mwa mji, katika ardhi ya takriban ekari 80 iliyotolewa na mji wenyewe, na kile cha zamani kufanyiwa ukarabati mkubwa kibakie cha watu na magari madogo.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba kituo cha forodha hakijitoshelezi. Serikali ya shirikisho hujenga uwanja, vibanda vya ukaguzi na mashine za eksirei. Lakini maji ya kunywa, bomba la maji taka, umeme na barabara ya kuunganisha kituo na barabara kuu ya jimbo ni mambo yanayohitaji mji, kaunti na jimbo kukaa meza moja na kukubaliana nani atoe nini. Na faida iliyo kubwa imefichika papo hapo, kwani bomba likisha kufikishwa jangwani kwa ajili ya forodha, ardhi iliyo kandokando yake, ambayo jana ilikuwa vichaka tu, huweza kuwa maghala, gereji, vituo vya mafuta na mizani, na hivyo kuanza kulipa kodi ambayo uwanja wa forodha wenyewe, kwa kuwa ni wa taifa, hautailipa kamwe.

Tuyaendee madaraja madogo, ambayo hayapigwi picha na viongozi. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge katika mto Ohio liliporomoka, watu 46 wakafa, na kutokana na msiba huo Marekani ikaweka sharti la kukagua madaraja yake kwa utaratibu maalumu. Ukaguzi ukigundua udhaifu, kaunti hubandika kibao cha ukomo wa uzito. Na kibao hicho, katika nyanda za wafugaji, maana yake ni kwamba lori la ng'ombe, gari la zimamoto, na pengine basi la shule, sharti lizunguke maili nyingi. Katika Cochise mambo huzidi majira ya mvua za kiangazi, makorongo yaliyokauka mwaka mzima yanapofurika kwa saa chache na kuikata barabara. Sheria ya mwaka 2021 iliweka dola bilioni 27.5 kwa madaraja, na kuagiza kwamba asilimia 15 ya mgao wa kila jimbo itumike kwa yale yasiyo katika barabara kuu zinazogharimiwa na shirikisho. Na daraja la namna hiyo likiwa mali ya kaunti au mji, shirikisho laweza kulipa gharama yote, bila kudai mchango. Kwa maoni yangu hiki ni miongoni mwa vifungu vilivyo bora kabisa katika sheria ile.

Maji nayo hayajui mpaka. Mto San Pedro huanzia Sonora, karibu na Cananea, ukatiririka kwenda kaskazini hadi ndani ya Cochise. Na mara kadhaa maji taka ya mji wa Naco wa upande wa Mexico yamefurika yakavuka hadi Naco wa Arizona. Jambo kama hili kaunti hailiwezi peke yake, maana haina mamlaka ya kujenga katika nchi ya kigeni. Ndiyo sababu ipo Benki ya Maendeleo ya Amerika ya Kaskazini, iliyoundwa mwaka 1994 na kumilikiwa na mataifa hayo mawili, ambayo hugharimia miradi ya mazingira katika ukanda wa kilomita 100 kaskazini ya mpaka na 300 kusini yake.

Wala haya si mageni. Umeme wenyewe ulifika mashambani humo kwa mpango wa shirikisho ulioanzishwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1935, wakati makampuni ya umeme hayakuona faida ya kusimamisha nguzo maili nzima kwa ajili ya nyumba moja. Wakulima na wafugaji wakaunda mwaka 1938, huko Willcox, chama chao cha ushirika, ambacho hadi leo ndicho kinachowauzia umeme. Hoja ya kupeleka intaneti vijijini kwa fedha za shirikisho, mahali makampuni yasipoona faida, ni hiyo hiyo.

Lakini fedha hizi zina masharti, na masharti ndiyo yanayowaangusha wanyonge. Katika miradi mingi ya barabara shirikisho hulipa asilimia 80, na Arizona, kwa wingi wa ardhi yake ya umma, hulipiwa takriban 94. Asilimia sita iliyobaki yaonekana ndogo, ila katika mradi wa dola milioni 10 ni dola laki sita, na kwa kaunti ya wafugaji hizo si haba. Fauka ya hayo, fedha aghalabu hurejeshwa baada ya kutumika: kaunti hutangulia kumlipa mkandarasi, ikahifadhi kila risiti, ikathibitisha mishahara na asili ya chuma kilichotumika, ndipo ikadai chake. Mji mkubwa una ofisi nzima ya kuandika maombi na kutunza hesabu. Kaunti ndogo pengine ina mhandisi mmoja ambaye asubuhi yuko kwenye greda. Iwapo shirikisho lataka fedha zifike kwa wanaozihitaji, na lilipie kwanza wahandisi na wahasibu wa kaunti hizi, kabla ya kuwaalika mashindanoni.

Na wanaosimamia hazina waitazame hazina yenyewe. Barabara za Marekani zimetegemea tangu mwaka 1956 mfuko unaojazwa na kodi ya mafuta ya magari. Kodi hiyo, senti 18.4 kwa galoni ya petroli, haijabadilishwa tangu mwaka 1993, ilhali bei ya lami na ya saruji imepanda mara nyingi, hata mfuko ukawa hauwezi kusimama bila kuongezewa kutoka hazina kuu. Sheria ya mwaka 2021 iliandikwa kwa miaka mitano ya fedha, na ukomo wake ni tarehe 30 Septemba 2026.