Kabla ya kuuliza ladha ya vepu, uliza nikotini

“Daktari, nataka kuacha sigara nihamie kwenye vepu. Nianze na ladha ipi?” Aliyeniuliza ni baba anayemaliza pakiti moja kwa siku. Kabla sijajibu, mkewe akadakia: “Ya embe tunayo tayari nyumbani. Nimeikuta kwenye begi la shule la mwanao.”

Swali la baba huyu naulizwa mara nyingi. Dukani utatajiwa embe, stroberi, mnanaa na vanila, lakini ladha haikuambii jambo kubwa zaidi: umebeba nikotini kiasi gani.

Maji ya vepu kwa kawaida yana propilini glaikoli, gliserini, viungo vya ladha na nikotini. Kifaa huyachemsha yakawa mvuke. Nikotini ikiwa nyingi hukwaruza koo, na utamu husaidia kuuficha ukali huo. Ndiyo maana kijana anaweza kuvuta ya embe siku nzima bila kukohoa, huku ubongo wake, ambao unaendelea kukua hadi karibu miaka 25, ukizoea kilevi hicho.

Soma kibandiko. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Chupa iliyoandikwa asilimia 5 ina takriban miligramu 50, yaani zaidi ya mara mbili ya kikomo hicho.

Wengine huniambia ladha hizo ni salama kwa kuwa zimo hata kwenye biskuti. Tumbo si mapafu. Daiasetili, inayotoa ladha ya siagi, huliwa bila shida. Lakini mwaka 2000, huko Missouri, Marekani, iligundulika kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi waliokuwa wakivuta mvuke wake wameharibika mapafu. Kemikali hiyo imewahi kukutwa pia kwenye baadhi ya maji ya vepu.

Basi nilimjibu hivi yule baba. Vepu zimewasaidia baadhi ya watu wazima kuacha sigara, lakini si salama. Tuanze na ushauri na dawa, kama plasta au bazoka za nikotini. Ukichagua vepu, acha sigara kabisa. Ukivuta vyote viwili, moshi bado unakuumiza. Pia tupange tarehe ya kuiacha vepu yenyewe. Asiyevuta sigara hana sababu ya kuanza.

Kwa kijana, usianze na fimbo. Muulize anavuta mara ngapi, na kama huitafuta mara tu anapoamka. Akikosa, je, hukasirika haraka au hushindwa kutulia darasani? Hizo ni dalili za uraibu, na uraibu unatibika. Mlete kliniki.

Mwisho, wenye watoto wadogo: chupa yenye harufu ya matunda humvutia mtoto kama juisi. Chupa ya mililita 10 yenye kiwango cha 20 ina miligramu 200 za nikotini, na hata kiasi kidogo kinaweza kumuua. Ifungie kabatini. Akiinywa, anaweza kutapika, kutokwa jasho au kupata degedege. Usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.